Maji ya Dansu, Miti ya Ablawa

Ablawa aliichagua siku ya soko makusudi. Siku hiyo njia za maji za kijiji hujaa mitumbwi tangu alfajiri, na yeye alitaka aonekane. Akausukuma mtumbwi wake kwa upondo hadi kwenye akaja, shamba lake la samaki la matawi yaliyosimikwa majini, akajifunga kitenge vizuri, akajitosa. Maji yakamfika kifuani. Akashika tawi la kwanza kwa mikono miwili, akaling'oa topeni, akalitupa mtumbwini.

Wanawake waliokuwa wakipita na vikapu vyao wakasimamisha pondo. Watu wa ziwa Nokue hawang'oi akaja hivi hivi. Mtu hukata matawi bara, huyaleta, huyachomeka kwenye tope kwa kubanana mpaka pawe kichaka kilichozama. Matawi yakishaota utelezi, perege huja kula, na wakishakula hawaondoki, huzaana humo humo. Akaja ikikomaa, mwenyewe huizungushia wavu kwanza, ndipo huyatoa matawi na kuchota samaki. Kuyatoa bila wavu ni sawa na kufungua mlango wa ghala na kuwaita kuku wa jirani.

"Wee Ablawa!" alipiga kelele Hungbo, mwenye akaja ya jirani, akiwa amesimama kwenye mtumbwi wake. "Umerogwa?"

"Nani aniroge? Wachawi wote wanasubiri kula samaki wangu!"

Hakuwa amerogwa. Alikuwa na hasira, hasira ya siku nyingi iliyoiva kabisa. Mumewe Tosu alipofariki, akaja hii ilikuwa vijiti vilivyooza, hakuna mtu wa ukoo aliyeigeuzia hata jicho. Dansu, mdogo wake marehemu, alikuwa mjini Kotonu akibeba abiria kwa pikipiki, na hata mazishini alifika watu wameshakula. Ablawa ndiye aliyechukua panga. Alikata matawi mpaka viganja vikachubuka, akakimbizwa na walinzi wa msitu, akarudi tena palepale. Aliyapanda mwenyewe, tawi kwa tawi, huku wanaume wakimcheka kwamba anapanda kuni. Binti zake wawili walishindia akasa na pilipili, unga wa mahindi tu bila hata kichwa cha samaki, kwa sababu mama yao alikuwa topeni badala ya sokoni. Aliwaambia wavumilie. Akaja ikifunguliwa, watakula.

Samaki walipojaa mpaka wakawa wanaruka wenyewe, Dansu akakumbuka kwamba alikuwa na kaka. Alirudi kijijini na wavu mpya begani, akaenda moja kwa moja kudai akaja kwa Mzee Kpase, mkuu wa ukoo, ambaye hupata fungu lake kila akaja ya ukoo inapofunguliwa.

"Mwanamke hana maji," Mzee Kpase alisema mbele ya watu. "Mwanamume huvua. Mwanamke hununua, hubanika, huuza. Ndivyo tulivyokuta."

"Na miti nani kaileta, mzee?"

"Mwanangu, jasho lako tumeliona. Ndiyo maana nimemwambia Dansu akuuzie wewe kabla ya mwanamke mwingine yeyote. Hiyo ni heshima kubwa."

Amuuzie! Anunue samaki aliowafuga kwa mikono yake, tena ashukuru kwa kupewa nafasi ya mbele! Ablawa aliwatazama wazee mmoja mmoja na hakuona hata mmoja aliyeona haya. Basi akainamisha kichwa.

"Nimesikia. Maji ni ya Dansu."

Wakamsifu kwa adabu yake.

Na sasa Dansu alikuwa anakuja mbio, upondo unapiga maji ovyo, wavu umerundikana miguuni pake.

"Shemeji! Shemeji, unafanya nini?"

"Nachukua kuni zangu. Si mlisema napanda kuni?"

"Akaja ni yangu! Mzee Kpase kasema!"

"Kasema maji. Maji yako hayo, sijayanywa. Yatazame vizuri, kama kuna tone limepungua njoo unidai."

Wanawake wa sokoni wakaangua kicheko. Mmoja akamuuliza Dansu kama angependa kununua kikapu cha kuchotea maji yake. Dansu akaona aibu, na aibu ikamtia haraka. Hakungoja kuusimika wavu ukizunguka pembeni kama inavyotakiwa, aliurusha juu ya akaja kwa pupa, ukanasa kwenye matawi yaliyobaki. Alipouvuta ukachanika kwa mlio uliosikika mpaka kwa wauza akasa. Perege wakatawanyika. Uso wa maji ulitetemeka kuelekea kwa Hungbo, na kila mtu aliuona.

"Karibuni, karibuni, jisikieni nyumbani!" Hungbo aliwaambia samaki, akiwa ameshika mbavu.

Ablawa hakucheka. Aliendelea kung'oa mpaka pakabaki peupe. Alisafiri mara kadhaa kurudi kwake na mtumbwi uliojaa, akayapanga matawi kwenye jukwaa la nyumba yake iliyosimama majini juu ya nguzo, yakauke. Binti zake walimtazama. Jioni hiyo walikula akasa na pilipili.

Tangu hapo alinunua samaki kwa Hungbo kama kila mtu, na kuwabanika kwa matawi yake mwenyewe. Kila tawi alilolitia motoni lilimfurahisha kidogo na kumuuma sana. Alilikumbuka lilipokatwa, alikumbuka bega lililolibeba. Aliyachoma hivyo hivyo.

Msimu wa maji kupungua uliporudi, Dansu alikuja na Mzee Kpase ameketi mbele ya mtumbwi. Vichaka vya karibu vilikuwa vimefungwa na walinzi, matawi hayapatikani kwa urahisi, na kijiji kizima kilikuwa kikiwacheka watu wa ukoo ule, kikiwaita "wenye maji matupu".

"Shemeji," Dansu alisema, sauti imelainika, "tugawane. Miti yako, maji yangu. Nusu kwa nusu."

"Leo ndio umejua kugawana?" Ablawa alikuwa amechuchumaa kwenye tanuri, samaki wamepangwa juu ya wavu wa chuma. "Sizungumzi na wewe. Nazungumza na mzee. Mzee, ule mdomo uliosema mwanamke hana maji, useme maji haya ni ya nani."

Mzee Kpase akakohoa. "Mwanangu, mambo ya ukoo hayabadilishwi barazani kwa mtu."

Ablawa akachukua tawi, akalivunja gotini, akalisukuma motoni. "Endelea."

"Tuna taratibu zetu..."

Tawi la pili, nene, lile ambalo lingekaa majini miaka. Dansu akauma midomo. Mitumbwi ilikuwa imeanza kusimama chini, Hungbo akiwa wa kwanza, kama kawaida yake. Mzee aliwatazama watu, akamtazama Dansu. Likaingia la tatu.

"Mzee, sema basi!" Dansu akaropoka. "Anatumaliza!"

"Maji ni ya Ablawa," Mzee Kpase akasema, akitazama magoti yake.

"Hungbo hajasikia."

"Sijasikia kabisa!" Hungbo akaitikia.

"Maji ni ya Ablawa!" mzee akafoka, mishipa imemtoka shingoni. "Yake na watoto wake! Umeridhika?"

Ablawa akainuka, akageuka kuutazama mzigo wake wa matawi. Alikuwa hajautazama kwa macho ya mpandaji muda mrefu, aliutazama kwa macho ya mpishi tu. Vilibaki vijiti vichache tu vilivyoegemezwa ukutani. Havikutosha hata kona moja ya akaja. Kazi ya mwaka mzima ya mikono yake alikuwa ameisukuma tanurini, na sasa maji ni yake na hana cha kupanda humo. Hasira ikampanda upya mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakujua amkasirikie nani.

 

Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. Akaingia ndani, akatoka na panga, akamrushia Dansu mtumbwini, likaangukia karibu na vidole vyake vya miguu.

"Hapa karibu wamefunga, kwa hiyo utakwenda kukata mbali," alisema. "Anza sasa. Fungu lako tutaliongea nikiona viganja vyako."