Marehemu Anauza Vioo

Barua ililetwa shuleni, darasa la pili likiwa katikati ya hesabu za kutoa. Mwalimu aliifungua chaki ikiwa bado mkononi. Ilikuwa na jina la mumewe, mume aliyemzika miezi kumi na minne iliyopita. Ilimwambia marehemu kwamba hajapeleka ritani, yaani taarifa zake za kodi, ingawa mashine yake ya risiti inaonyesha ameuza vioo mpaka wiki tatu zilizopita. Kodi, faini na riba kwa pamoja vilifika mshahara wa Mwalimu wa miezi saba.

Mumewe alikuwa fundi vioo. Alipofariki, mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Kipaza kwa sababu hajui kusema polepole, alichukua funguo za duka siku ya tatu ya msiba na hakuzirudisha. Mwalimu hakuzidai. Alikuwa na kazi yake, na hakutaka maneno.

Mchana huo alikwenda dukani kabla hata ya kula. Kipaza alikuwa ameinamia meza, anapitisha kikatio juu ya kioo cha dirisha.

"Shemeji, hiyo mashine ya risiti unayotumia ni ya nani?"

"Ya duka."

"Duka la nani?"

Kipaza akakivunja kioo kwenye mstari, pande mbili safi. "La kaka yangu. Umekuja kununua au umekuja kunihoji?"

Mwalimu akamwekea barua mezani. Kipaza aliisoma juu juu, akaisukuma kwa kiwiko. "Si imeandikwa jina lake? Wampelekee huko aliko."

"Msimamizi wa mirathi ni mimi. Wananiletea mimi."

"Basi simamia!" Wateja wawili mlangoni wakageuka. "Hujawahi kuja hapa hata kufagia. Leo umesikia harufu ya hela ndio umeijua njia!"

Kesho yake Mwalimu aliomba ruhusa, akaenda ofisi ya kodi. Afisa wa dirisha namba tano alikuwa na mafua mengi na subira kidogo.

"Mwenye namba hii ya mlipakodi yuko wapi?"

"Amefariki." Akamtajia tarehe.

Afisa akaitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye. "Sasa huyu aliyeuza vioo jana saa nne asubuhi ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua yuko dukani. Nilidhani mtu akifa, namba yake nayo inakufa."

"Haifi mpaka mtu aje aseme. Kila anayesimama hapo hakujua. Andika, mama."

Mwalimu akaandika nyuma ya barua. Cheti cha kifo. Karatasi ya mahakama ya usimamizi. Ritani ya mwisho, mpaka siku aliyofariki. Kodi ya hiyo italipwa kwa alichoacha marehemu, haitagusa mshahara wa Mwalimu. Ombi la kufunga namba na kuzima mashine. Kwa mauzo yaliyofuata, pingamizi la maandishi ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua, pamoja na ushahidi wa nani hasa aliuza.

"Barua imekaa njiani siku kumi na moja," afisa alisema huku akipenga kamasi. "Ukichelewa, makadirio ya kodi yanabaki hivyo hivyo. Na huyo shemeji yako achukue namba yake mwenyewe. Hailipiwi, ni foleni ya asubuhi moja tu. Anayefuata!"

Jumapili alikwenda kwa mama mkwe. Alimkuta Kipaza ameshafika na ameshasema yake.

"Mwanangu mmoja nimemzika," mama mkwe alisema kabla ya salamu. "Huyu naye unataka kumfunga?"

"Sitaki kumfunga, mama. Nataka aandikishe biashara kwa jina lake."

"Jina la kaka yake limemkosea nini?"

"Kila anachouza kinaandikwa kimeuzwa na marehemu. Deni litakula nyumba wanayolala wajukuu zako."

"Huyu mwanamke," Kipaza akadakia, "amelitamani duka tangu kaka yuko kitandani."

Mwalimu akasimama. Akajitanda mtandio vizuri. "Nakupa wiki moja. Foleni ya asubuhi moja ikikushinda, naenda kuizima mashine."

"Zima tuone!"

Wiki hiyo hakukaa bure. Alikumbuka kwamba shule ilibadilisha vioo vya madarasa mawili, na waliotumwa walinunua kwa Kipaza. Mhasibu wa shule alinung'unika, lakini akalitoa faili. Risiti ilikuwa ya miezi mitano baada ya mazishi, na kwenye hati ya kupokea malipo kulikuwa na sahihi ya Kipaza, kubwa kama sauti yake. Mwalimu akatoa nakala tatu.

Siku ya nane Kipaza alikuwa hajapanga foleni yoyote. Mwalimu akapeleka kila kitu dirisha namba tano.

Baada ya siku mbili Kipaza aliingia chumba cha walimu bila kubisha. "Umenikatia riziki! Mteja wa madirisha ya hoteli amenikataa mbele za watu kwa sababu sina risiti!"

"Nenda dirisha namba tano. Chukua kitambulisho."

"Kuanzia leo wewe si ndugu yetu!"

"Sawa. Punguza sauti, watoto wanafanya mtihani."

Majibu yalichukua wiki saba. Pingamizi lilikubaliwa. Kodi ya mauzo ya baada ya kifo ilihamishiwa kwa Kipaza, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshajipeleka mwenyewe kuchukua namba, akaruhusiwa kulipa kwa awamu. Kodi ndogo iliyobaki ya mumewe, Mwalimu aliilipa kwa kuuza pikipiki ya marehemu. Afisa alimgeuzia kompyuta aone: mbele ya jina la mumewe pameandikwa *Imefungwa*. Mwalimu akashukuru, akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje na kulia kuliko alivyolia siku ya maziko. Siku ile watu walikuwa wengi.

Mwisho wa mwezi alimpelekea mama mkwe dawa za presha, kama kila mwezi. Mlango haukufunguliwa. Dirisha lilifunguka kiasi cha mkono kupita, mkono ukachukua bahasha ya dawa.

"Na za mwezi ujao nilete, mama?"

Alikuwa ameshageuka kuondoka aliposikia sauti.

"Lete."

Dirisha likafungwa.