Jina la Mama Daftarini

Ijumaa hiyo Kiptoo alikuwa na ombi moja tu: ruhusa ya kutoka kazini kwa muda wa saa tatu. Mdogo wake Kiprop, mlinzi anayekaa mtaa wa Najma, alikuwa amelazwa, na kesho yake asubuhi angepasuliwa tumbo. Alimtumia ujumbe wa sauti: "Bro, kesho wananikata. Si ukuje nikuone tu?" Sauti ilitetemeka, na Kiprop si mtu wa kutetemeka.

Ruhusa ilikuwa mikononi mwa Bwana Beaulieu, Mkanada wa miaka themanini na minne ambaye Kiptoo alimuuguza nyumbani kwa bintiye Michelle, mtaa wa Abu Hamour, katika jiji hilohilo la Kiarabu. Michelle hakuwahi kumpinga baba yake. Mzee akadai kuona kitambulisho cha mgonjwa, naye Kiptoo akamwonyesha picha simuni.

"Harun Kiptoo. Jeremiah Kiprop," Mzee alisoma. "Ndugu gani hawa? Mhudumu aliyekutangulia alizika shangazi wanne kwa mwaka mmoja!"

"Baba mmoja, mama mmoja, Mzee. Kwetu kila mtoto ana jina lake. Mimi nilizaliwa wageni wamefika, yeye mvua ikinyesha."

"Ukoo ni jina moja," Mzee alisema, akairudia kompyuta yake.

Kiptoo alimeza hasira yake. Ilimuuma, tena sana, kuambiwa na mtu anayemwogesha kila siku kwamba ni mwongo.

Kwenye kompyuta ndiko Mzee alikoshinda kutwa. Miaka saba sasa alikuwa akitafuta ubatizo wa babu yake, Alphonse Beaulieu, katika picha za madaftari ya kanisa la kijiji kimoja cha Quebec. Mama yake Alphonse alijulikana, Philomène Caron. Baba haonekani. Kijijini walikuwa wakinong'ona kwamba Alphonse alikuwa mtoto wa nje, na baba yake Mzee alikufa na aibu hiyo. Mzee alijua kwamba zamani familia nyingi za huko zilibeba majina mawili. Lakini kwao, aliapa, ni Beaulieu tu tangu Adamu.

"Hayupo!" aligonga meza. "Beaulieu wote nimewamaliza."

Kiptoo alikuwa akimpimia dawa. Angeweza kunyamaza, na nani angemlaumu? Lakini macho ya Mzee yalikuwa yamelowa, akamwonea huruma.

"Daftari linaandika jina la mama?"

"Jina lake la kuzaliwa. Kwetu mwanamke hapotezi jina lake kanisani."

"Basi muache Beaulieu. Mtafute mama. Kwetu ukitaka kujua nani ni ndugu wa nani, unauliza mama yao ni nani."

Mzee aliguna, lakini akaandika: Philomène Caron. Watoto sita wakajitokeza. Wa nne alikuwa Alphonse, tarehe ileile ya kuzaliwa ambayo Mzee aliijua, mwana halali wa Joseph Hudon na Philomène Caron, mkewe. Kwenye mtoto wa mwisho padri alikuwa amejaza jina lote la baba: Joseph Hudon *dit* Beaulieu.

"Hudon aitwaye Beaulieu," Mzee alitafsiri polepole. "Wengine wakashika Hudon, babu akashika Beaulieu." Akafunika uso, akalia bila kujificha. "Alikuwa na baba. Alikuwa na ndugu watano, nami nikawapita kila siku kwa sababu hawakuitwa Beaulieu."

Kiptoo alimpa kitambaa. Mzee alijifuta, kisha akamgeukia.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Tabitha Jerotich."

"Na wa Kiprop?"

"Huyo huyo, Mzee."

Mzee akaifunga kompyuta. "Nisamehe, Harun. Michelle! Lete ufunguo wa gari."

Walipofika hospitalini, Michelle akimsukuma Mzee kwenye kiti cha magurudumu, zilikuwa zimebaki dakika ishirini za kuona wagonjwa. Karani alilinganisha vitambulisho viwili, akatikisa kichwa: majina hayafanani, na wanaoingia ni jamaa peke yao.

Kabla Kiptoo hajafungua mdomo, Mzee aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Binti," alisema, "waulize jina la mama yao."