Kicheko cha Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa hajamaliza hata miezi miwili kaburini aliposikika akicheka sebuleni kwa mwanawe.

Ilikuwa jioni, baada ya chakula. Kaka mkubwa alikuwa amejilaza kwenye kochi, na mdogo wake wa kike, fundi cherehani aliyekuja kumjulia hali, alikuwa akimshonea vifungo vya shati. Kwenye televisheni kulikuwa na ile tamthilia mpya ya vichekesho iliyokuwa midomoni mwa kila mtu. Bibi kizee alikuwa amelowesha kitanda. Mkwewe akaingia, akaziba pua, akalibeba godoro kichwani na kwenda kulianika barabarani ili mtaa mzima ulione. Hapo ndipo kicheko kilipotoka: kikohozi kidogo kwanza, kama mtu anayeomba njia, kisha sauti ikapanda, ikapanda, ikakatika, na kiganja kikapiga paja, pwaa.

Kaka akaketi wima. "Mama huyo," akasema, machozi yanamlengalenga kwa furaha. "Sikia, mdogo wangu. Mama huyo."

Fundi alikuwa ameshasikia. Sindano ilimchoma kidole na hakuitazama. Alichojiuliza yeye ni mama anacheka nini.

Zamani, televisheni ilipokuwa na stesheni moja tu na mtaa mzima ukibanana mbele ya seti ya nyumba moja, mama yao alikuwa mpiga pasi wa mavazi ya waigizaji. Studio ilikuwa chumba kidogo kisicho na nafasi ya watazamaji, na mchezo wa kuchekesha usio na mtu wa kucheka ulipooza kama chai ya jana. Mwelekezaji akamtoa Mama Pasi kwenye meza yake, akamkalisha juu ya kreti la soda nyuma ya kamera. Tangu hapo ikawa ndiyo sheria ya kazi: maneno yasemwe kwanza mbele yake, na asipocheka, yakatwe. Waigizaji walimbembeleza, walimletea soda, mmoja alitembea kwa magoti. Wapi! Aliwatazama kwa uso mkavu akawaambia wakafikiri tena, yeye ana mashati yanamsubiri. Siku ya mchezo kuonyeshwa majirani walijaa mpaka dirishani, na raha yao kubwa ilikuwa kumsikia akivunjika mbavu ndani ya televisheni, huku mwenyewe amekaa nao sakafuni kanuna, eti kichekesho hicho ameshakisikia.

Huyo ndiye waliyemfanya acheke godoro. Na miezi yake ya mwisho, mama alikuwa akilowesha lake. Fundi ndiye aliyelifuta kila asubuhi, mlango umefungwa, mama amegeukia ukutani, anamwomba asimwambie kaka yake. Hakumwambia. Hata sasa alikuwa hajamwambia.

Alichomwambia ni kwamba kesho anakwenda kituo cha televisheni, wakitoe kicheko kile. Kaka alikunja uso. Picha za mama wanazo, alisema, lakini sauti hawana mahali pengine popote. "Usije ukatunyima na hiyo."

Mtayarishaji wa tamthilia alikuwa kijana, akampokea vizuri mno. Alimvutia kiti, akampa pole, akamweleza kwamba mikanda ya michezo ya zamani ilishaharibika yote na kilichookolewa ni kile kicheko tu, kimehifadhiwa kwenye kompyuta, na kila mchekeshaji wa kituo anakipenda.

"Ni heshima, dada," alisema. "Marehemu bado anaishi."

"Bado anafanya kazi," fundi akamjibu. "Na kazi yenyewe angeikataa."

Akamsimulia habari ya kreti na mistari iliyokatwa. Kijana akatabasamu, akasema siku hizi hakuna muda huo, vipindi ni vingi, mtu anabonyeza tu na kicheko kinaingia. Fundi hakupaza sauti. Alimwomba aonyeshe tena lile tukio la godoro, kicheko akiwa amekitoa.

Kijana akaonyesha. Bibi kizee akalowesha kitanda. Mkwe akaziba pua. Godoro likapita mlangoni, na nyuma yake kikongwe akabaki amejikunyata na kanga yake iliyolowa. Hakuna aliyecheka. Chumbani mle ilisikika feni peke yake.

"Kama kinachekesha," fundi akasema, "cheka wewe."

Kijana alikohoa, akaangalia vidole vyake. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo anaweza kukiondoa.

"Na wiki ijayo?"

Kijana akageukia orodha ndefu ya vipindi ukutani. Fundi alipoomba apewe nakala aende nayo, akaambiwa ni mali ya kituo, mpaka wanasheria waridhie, na wanasheria hawana haraka. Lakini kukifuta ni jambo dogo, hilo yeye mwenyewe ana ruhusa nalo. Ila kikifutwa ndiyo basi, hakirudi.

Alimwomba amsikilizishe mara moja, bila bibi kizee wala godoro. Kikohozi. Sauti ikapanda. Pwaa. Kwa mbali, ndani ya rekodi, mtu wa studio akasema, "Haya, mstari huo tunauacha."

"Futa," fundi akasema.

Kijana akabonyeza kwa kidole kimoja. Ule wepesi wake ulimkereketa fundi njia nzima, hadi mlangoni kwa kaka yake.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani kwake. Siku kadhaa hakumpigia simu. Kipindi kile kiliporudiwa walikuwa wamekaa pamoja tena, kinyongo katikati yao. Godoro likatoka, na safari hii, mahali pa kicheko cha mama, wakacheka watu wengi wasiojulikana, kelele kama mvua juu ya bati. Kaka alimtazama bibi kizee na kanga yake. Akamtazama mdogo wake, ambaye mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

"Kwani mama naye..." akaanza.

Fundi aliinamisha kichwa.

Wale watu walikuwa bado wanacheka. Kaka aliinuka, akaenda kuizima televisheni kwa mkono wake, akabaki amesimama mbele ya kioo cheusi, akiwatukana polepole, mmoja mmoja, kana kwamba anawajua.