Kamera ya Katekista Avit

Katika studio ya picha mjini Bukoba, Shadya alifungua kimlango cha pembeni ya kamera, akachungulia ndani, akaingiza ncha ya kidole, kisha akamtazama Avit Karugendo kama mtu anayetafuta namna ya kuanza.

"Baba, kadi umeitoa?"

"Kadi?"

"Ya kutunzia picha. Inakaa hapa." Akamgeuzia kamera aone. Palikuwa na tundu jembamba jeusi, safi, halina hata vumbi.

Avit alivaa miwani. Watu watatu waliokuwa wakisubiri picha za pasipoti waliacha mazungumzo yao.

"Lakini nilipiga," alisema. "Thelathini na kitu. Nikibonyeza, picha inatokea hapo nyuma, naiona kwa macho yangu."

"Hizi za zamani nyingine ndivyo zilivyo. Inapiga hata kama haina kadi. Inakuonyesha mara moja, halafu basi, inapotea."

"Inapotea kwenda wapi?"

Shadya alikuwa na miaka kama ishirini na miwili na alilelewa vizuri. Hakucheka. "Haiendi popote, baba. Haikuwekwa."

Mmoja wa wale waliosubiri alisema, "Pole, mzee." Avit aliona afadhali wangemcheka. Alinunua kadi, Shadya akamwekea, akataka kumwonyesha pia namna ya kuzirudia picha ukishazipiga. Na Avit, hata baada ya hayo yote, akausikia mdomo wake ukisema, "Hiyo ninaijua."

Wenzetu wa mikoa mingine wamewapa Wahaya jina la utani, nshomile, yaani mimi nimesoma. Wanasema Mhaya akipotea njia haulizi, anasimama njia panda na kuisahihisha njia. Ni maneno ya watani, na watani hawaishiwi chumvi. Lakini wangetaka shahidi, wangempata Avit. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kibanja cha migomba na kahawa huko Muleba, mke mmoja, na kigango cha watu mia mbili alichokiongoza Jumapili ambazo padri hakufika. Katika rika lake pale kijijini ni yeye peke yake aliyemaliza kidato cha nne. Watu walimletea barua za mahakama, fomu za hospitali na maelekezo ya mitambo ya sola. Kwa miaka thelathini hakuwahi kumjibu mtu "sijui". Kama hajui, alisema "ngoja kwanza", akaenda kutafuta, na mara nyingi alipata.

Kamera aliitamani tangu utotoni, siku ya komunyo yake ya kwanza, alipomwona mpiga picha kutoka Bukoba, mtu mwembamba asiye na cheo chochote, akiwanyamazisha wazee wa ukoo kwa kuinua kidole tu. Hamu hiyo ilikaa ndani yake miaka arobaini na nne. Mwaka huu, wiki ya pili ya Kwaresima, alichukua pesa ya kahawa aliyoiweka akiba, akaenda Hamugembe, Bukoba, kwa Najibu, anayeuza vitu vilivyotumika kutoka nje: pasi, redio, mashine za kusaga juisi. Kamera yenyewe ilikuwa na miaka zaidi ya kumi na tano. Mkanda ulikuwa umechakaa, maandishi ya vitufe yamefutika nusu.

"Kwa kujifunzia hii ndiyo," Najibu alisema. "Kongwe haikudekezi. Kadi unayo, mzee, au nikutafutie?"

Avit hakujua ni kadi ya nini. Simu ya mkewe ilipiga picha na haikuwahi kudai kadi. "Ipo nyumbani," alisema.

"Na kuitumia? Sina wateja saa hizi, nikae na wewe nusu saa."

"Ninajua."

Annastella, mkewe, alipoiona kamera alisema tu kwamba Kwaresima watu wengine huacha vitu. Avit alicheka, akatoka nayo kibanjani. Alipiga picha mikungu, mbuzi, moshi wa jikoni. Kila picha ilitokea nyuma ya kamera, ikakaa kidogo, ikaondoka, na chini yake vilikuja vijineno vya Kiingereza ambavyo bila miwani havikusomeka. Aliviitikia kwa kichwa. Yeye alikulia enzi za filamu, ambapo unapiga leo na huoni kitu mpaka isafishwe studio. Hivyo alijua, tena kwa uhakika kabisa, kwamba picha zake zilikuwa ndani zinasubiri.

Kama zingepotea za mbuzi tu, hadithi hii isingekuwepo.

Mae Kokwijuka, mae kwa Kihaya ni mama, alikuwa na miaka themanini na mitatu na wana wawili. Mujuni, mkubwa, alirithi nyumba na kibanja. Rwekaza, mdogo, alikuwa kisiwani Goziba, akivua dagaa. Baba yao alipokufa, Rwekaza alisema kaka yake ameing'oa milamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, akaipanda tena hatua tatu upande usio wake. Mujuni alisema ni uongo. Tangu hapo ilipita miaka kumi na mmoja bila neno. Rwekaza akija kumsalimia mama, mara moja kwa mwaka, ndugu hao walisemezana kwa kumpitia yeye. "Mama, mwambie huyo chumvi ipo upande wake." Naye mama, huku chumvi wote wanaiona, anamwambia.

Avit alipotangaza kigangoni kwamba Pasaka atawapiga picha wazee bure, Mae Kokwijuka alimngoja mlangoni. "Mimi sijapigwa picha tangu mume wangu yupo. Nitakubali. Lakini nikae katikati ya wanangu, la sivyo niache."

Sijui mama alitumia maneno gani kwa kila mwanawe. Ninachojua ni kwamba Jumatatu ya Pasaka Rwekaza alivuka ziwa, akafika na shati jipya, akakaa kwenye kiti kushoto kwa mama yake, na Mujuni akakaa kulia. Majirani walisimama mbali kidogo, kwa heshima na kwa umbea. Avit aliinua kidole, watu wote wakanyamaza. Akasema wasogeleane. Mujuni akavuta kiti shibiri moja. Mama akaweka mkono wa kulia kwenye goti la huyu na wa kushoto kwenye goti la yule. Avit akabonyeza, akabonyeza tena, na furaha aliyoisikia siku ile hakuwahi kuisikia hata siku ya harusi yake. Alfajiri Rwekaza akarudi kisiwani.

Sasa Avit alirudi kutoka Bukoba na kamera yenye kadi mpya isiyo na kitu. Njiani alipanga jinsi atakavyosema. Jumapili, baada ya ibada, Mae Kokwijuka alimshika mkono.

"Tata Katekista, picha yangu?"

"Ipo studio, Mae. Inasafishwa."

Ilitoka yenyewe. Jumapili ya pili alimwambia Bukoba umeme unasumbua. Jumapili ya tatu ilikuwa zamu ya watoto wa mafundisho kuzisema Amri za Mungu. Walipofika ya nane, usiseme uongo, walipaza sauti kwa pamoja kama wanavyopenda watoto, na Katekista, ambaye kwa kawaida hupenda kusimama hapo na kueleza, alisema, "Haya, ya tisa." Masikio yalimwaka moto. Alijichukia.

Siku hiyo hiyo Mae Kokwijuka alimwekea mkononi kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Ndani yake kulikuwa na kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa kwa mikono yake, ile tunayompa mgeni ili ajue amepokelewa.

"Mpelekee huyo binti wa studio," alisema. "Mwambie ni mimi nimemsalimia. Labda atawahisha."

Avit aliificha kahawa ile ndani ya begi la kamera. Annastella aliikuta jioni alipokuwa akitafuta pini.

"Kahawa tunaificha siku hizi?"

Akamweleza. Alieleza akiwa ameinama, mpaka na ile nusu saa ya Najibu. Annastella alisikiliza mpaka mwisho.

"Utaenda leo au kesho?"

"Nitaenda nikishapata namna ya kusema."

"Namna ipo," Annastella alisema. "Unafungua mdomo."

Alikwenda kesho yake mchana. Mae Kokwijuka alikuwa ndani, ameketi sakafuni, kwenye nyasi alizotandika upya. Ukutani, mahali pa kumwonyesha kila aingiaye, palitundikwa fremu kubwa ya kioo. Pesa ya kuinunua ilitumwa na Rwekaza kutoka Goziba. Ndani ya fremu bado kulikuwa na karatasi ya dukani, picha ya mtoto wa Kizungu akikumbatia mbwa.

"Nyegera, karibu, Katekista. Umekuja nayo?"

Avit hakuketi. Alitoa kile kifurushi, akakiweka mbele yake kikiwa kimefungwa vilevile.

"Mae, binti wa studio hana kosa. Picha haipo. Haikuwahi kuwepo. Kamera ilitakiwa iwe na kadi, sikuiweka, kwa sababu sikujua. Nimekudanganya Jumapili tatu."

Kikongwe alikitazama kifurushi, kisha akamtazama yeye. "Hiyo kadi ni kubwa kiasi gani?"

Avit aliitoa mfukoni, akaiweka kiganjani mwa kikongwe. Kikongwe aliigeuza, akaisogeza karibu na macho.

"Na mwenye duka hakukuambia?"

"Aliniuliza kama ninayo. Nikasema ninayo."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kuuliza."

Mae Kokwijuka alimrudishia kadi. Hakukasirika kwa namna Avit aliyoiogopa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Uso wake ulichoka tu, ghafla, mbele ya macho yake. "Kwa hiyo siku ile tulikaa pale tu," alisema.

"Mlikaa tu, Mae."

"Nilifikiri nikifa watabaki wamekaa hivyo." Akageuka kuelekea mlango wa nyuma. "Mujuni! Njoo usikie."

Mujuni alitoka kibanjani, kisu cha kupogolea mkononi, mikono myeusi kwa utomvu wa migomba. Ilibidi Avit aseme yote tena. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Mujuni alisikiliza akikitazama kile kisu.

"Mtu msomi kama wewe," alisema mwishowe, bila ukali. Kisha akasema, "Na huyo wa ziwani, mama? Nani atamwambia?"

"Mdomo uliosema uongo ndio utakaosema ukweli," Mae Kokwijuka alisema. "Mpigie, Katekista. Hapahapa, nisikie."

Avit alipiga mara mbili bila kupata, maana Goziba mtandao hutegemea umesimama wapi. Mara ya tatu ilipokelewa. Aliweka sauti ya wazi. Zilisikika injini za boti, upepo na watu wakiitana.

"Katekista!" Rwekaza alikuwa na furaha. "Imetoka?"

"Rwekaza, sikiliza. Mimi Karugendo nimekosa." Akasema kwa mara ya tatu, maneno machache kuliko yote, maana sasa hakuna alichobakiza cha kujifunikia.

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna hata moja."

"Maana nilishawaambia wenzangu hapa kambini." Sauti ya Rwekaza ilishuka. "Miaka yote hii nawaambia nina kaka, mkubwa wangu, na hawaamini, maana hawajamsikia akinipigia. Nikawaambia safari hii mtamwona."

Avit alitamani ardhi ya nyumba ile, nyasi na vyote, imfunike. Alimwona Mujuni akiinama, akikiweka kisu chini polepole kana kwamba kinaweza kupasuka.

"Katekista."

"Naam."

"Mujuni yupo hapo?"

Jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwa Rwekaza kwa miaka kumi na mmoja. Ilikuwa huyo, ilikuwa mwenzio, ilikuwa mwanao.

"Yupo," Avit alisema. "Anakusikia."

Wote wawili, Avit na Mujuni, walimtazama mama, maana yeye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno upande huu na kuyarudisha upande ule. Mae Kokwijuka alishughulika na kile kifurushi. Alikifungua jani kwa jani, akachagua punje moja ya kahawa, akaiweka mdomoni, akaanza kutafuna huku ametazama ukuta.

Avit alimnyooshea Mujuni simu. Mujuni alijifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena, lakini utomvu wa mgomba hautoki kwa kufuta. Alisogea hatua moja. Avit hakuushusha mkono. Simuni upepo wa ziwa ulivuma, mtu mmoja kule akamwita Rwekaza aje kwenye boti, akamwita tena, na Rwekaza hakumwitika wala hakukata simu.