Korongo Jikoni kwa Apiyo

Mimi Apiyo sijui kunyamaza, na baba mkwe wangu, Mzee Ratemo, hajui kusema. Tangu Alfayo anioe na kunileta huku Kebirigo, mzee hajakanyaga mlango wangu. Wifi yangu Kemuma husema hiyo ni chinsoni, heshima ya Wakisii: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Sawa. Lakini hata salamu? Anapita kando ya ua akitazama majani chai tu. Na mimba yangu ilipotoka, Alfayo akiwa kazini Nairobi, majirani wote walikuja kunipa pole isipokuwa yeye. Iliniuma sana. Nikasema moyoni, huyu hanitaki kwa sababu mimi ni Mjaluo, natoka ziwani.

Basi siku moja nikamkuta korongo bondeni, bawa limenaswa na waya, damu tele. Nikambeba hadi jikoni. Nilipowapigia watu wa wanyamapori wakasema nimtunze kwanza, watakuja barabara ikikauka.

Kesho yake asubuhi, nani amesimama uani? Mzee! Ana kopo la panzi.

"Mokamwana," akasema, macho kwenye mgomba, "ndege amelalaje?"

Mokamwana ni mke wa mwana. Hajawahi kuniita hivyo.

"Amelala vizuri, Baba."

"Funga bawa kwa kitambaa, usikaze. Na wewe umekunywa uji?"

"Bado."

"Kunywa." Akaweka kopo chini, akaenda zake.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Panzi, bawa, uji. Kichwa kikaniuma kwa kuwaza. Huyu mtu ananipenda ama ananichukia? Nikampigia Kemuma kwa hasira: "Ala! Ndege anapata panzi, mimi sikupata hata pole!"

Kemuma akacheka. "Wifi, angekujaje? Asimame uani aseme nini?"

Sikumwelewa hata kidogo.

Watu wa wanyamapori wakafika, wakamchukua korongo wangu. Jikoni kukawa kutupu. Lakini asubuhi iliyofuata mzee alikuwa palepale uani, anazungusha kopo tupu mkononi. Nikadhani amesahau.

"Baba, ndege alichukuliwa jana."

"Najua." Akakohoa. "Ile siku uliumia, nilifika hapa uani. Sikuwa na sababu ya kusimama, nikarudi. Sasa ndege ameenda. Nitakuja kwa sababu gani?"

Jamani, machozi yalinitoka bila ruhusa. Kumbe muda wote huo! Nikajifuta kwa leso, nikatazama kuku wangu wakichakura karibu na choo, wote wazima, wanene.

"Baba," nikasema, "kuna kuku mmoja anachechemea."

Mzee akawatazama kuku wale, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Namwona," akasema. "Kesho nitamletea dawa. Uji umekunywa?"