Mama Alivyopendeza Siku ya Kukaguliwa

Siku ile mjinga alikuwa Leland Ouellette, na ukimuuliza hakatai. Atakumiminia kahawa kwanza, kisha atakiri. Mkaguzi wa jimbo alikuwa anakuja kumtazama mama yake, aone kama anahitaji mtu wa kumtunza, ili mtu huyo, yaani Leland, awe analipwa ujira na serikali. Na Leland alifanya nini? Aliamka mapema akampamba mama.

Alimwogesha, akamchana nywele, akamvisha blauzi ya buluu ya kanisani na hereni zake. Akadeki mpaka sakafu ikang'aa. Kiti cha choo kilichokaa kando ya kitanda cha mama akakificha stoo. Katika mtaa wao wa viwanda kule Maine, mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba, na funzo hilo mama mwenyewe, Bi Florine, alimfunza mwanawe kwa makofi.

Leland alikuwa fundi wa malori. Aliacha kazi mama alipoanza kuwasha jiko na kwenda kulala. Sasa akiba ilikuwa imekauka. Asipopata ujira ule, atarudi gereji, na mama atapelekwa nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Enzi za akili zake timamu, Bi Florine aliapa kwamba huko wangempeleka maiti tu.

Mkaguzi, Bi Hatch, aliingia akikung'uta theluji viatuni.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, binti. Keti. Mbona umekonda hivyo? Huko ofisini hawawalishi?"

Leland akacheka kwa fahari. Aliyeishi na mgonjwa wa kusahau anajua: hodi ikipigwa, mgonjwa huwaka kama taa, mgeni akiondoka, giza hurudi maradufu. Leland alilijua hilo vizuri. Ila alikuwa hajamsikia mama akitania tangu majani yapukutike, basi akakaa pale anaiota ile taa kama moto.

"Unaoga mwenyewe, mama?"

"Ulitaka uniogeshe wewe?"

"Na chakula?"

"Napika. Maharage ya Jumamosi unadhani yanajipika?"

"Usiku je?"

"Nalala kama gogo."

Leland angeweza kusema kwamba juzi alimkuta uani pekupeku kwenye theluji, anatafuta basi la kiwandani. Alimtazama na hereni zake, ulimi ukagoma. Utamvuaje mama nguo mbele ya mgeni?

Bi Hatch akafunga mkoba. "Kaka, mama yako ana nafuu kuliko wangu. Sioni kazi ya kulipiwa hapa."

Ndipo ulimi ukafunguka, umechelewa. "Bibi, mimi ndiye niliyemvisha! Mimi ndiye namlisha, namwogesha, namfuta!"

"We bwana, usiniaibishe mbele ya mgeni!" mama akafoka.

"Naandika nilichokiona," alisema Bi Hatch, mkono tayari uko kwenye kitasa. "Na hata ningekuamini, wakubwa wangu wataniuliza: mtoto kumtunza mamake ni kazi au ni wajibu?"

"Wajibu haununui mafuta ya kupasha nyumba joto!"

"Na serikali hailipii mapenzi, kaka."

"Basi njoo uyafue hayo mapenzi, yamejaa kwenye kapu la shuka!"

Meza ikagongwa, vikombe vikaruka. Ujanani, kwenye kiwanda cha viatu, Bi Florine alikuwa mtetezi wa wafanyakazi wenzake, na mameneja waliposikia ngumi ile walitafuta viti.

"Mapenzi gani? Mtoto gani?" alisema. "Mwanangu Leland yuko gereji, atarudi jioni. Huyu bwana simjui."

Leland akainamia sakafu aliyoideki mwenyewe. Bi Hatch aliachia kitasa, akarudi polepole, akaketi.

"Humjui kweli, mama?"

"Ningemjulia wapi? Ninachojua ananiogesha, ananilisha kwa kijiko, na usiku nikitoka nje ananifuata na koti." Akamnyooshea mkaguzi kidole kilichokunjika kwa baridi yabisi. "Sasa niambie wewe binti wa ofisini: mnamtumikisha mtoto wa watu bure kwa sheria gani?"