Jiwe Lililorudi Nyuma

Nasike alikuwa ameitazama video ile hadi angeweza kuisimulia akiwa amefumba macho. Mumewe, Kweyu, anacheka karakanani, na nyuma yake jiwe la kusagia chuma linazunguka. Mstari mwekundu uliopakwa kwenye jiwe unaonekana wazi ukirudi nyuma. Siku moja baada ya video hiyo, nati inayoshikilia jiwe ilifunguka, jiwe likaruka, likampiga Kweyu kifuani. Hakufika hospitali.

Kila fundi wa mtaa wa Pipeline alijua maana yake. Nyaya za mota zikiunganishwa visivyo, mashine huzunguka kinyume, na nati hujifungua yenyewe. Aliyeunganisha nyaya wiki ile alikuwa Mugo, fundi wa stima. Ndugu za Kweyu walimfukuza matangani mbele ya watu, na Nasike ndiye aliyewaelekeza alipoketi. Alimchukia, na chuki hiyo ndiyo iliyompa nguvu ya kuamka.

Miezi miwili baadaye Mugo akapanda ngazi hadi orofa ya tano, kwa Nasike, feni ya mezani kwapani.

"Mama Vivian, nipe dakika tano tu. Kama ni kunifukuza, utanifukuza baadaye."

Hakumkaribisha, lakini hakufunga mlango. Mugo akabandika karatasi nyekundu kwenye panga moja la feni, akaiwasha. "Chukua video na simu yako, isiwe nimeichezea."

Feni ikashika kasi. Kwenye skrini karatasi ilizunguka mbele, ikaongeza mwendo, ikavurugika. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Nasike akainua macho. Upepo ulikuwa ukimpiga usoni vilevile.

"Ingekuwa inarudi nyuma, huo upepo ungeenda kwa ukuta," Mugo akasema. "Simu inapiga picha moja moja, kama thelathini kwa sekunde. Kabla ya picha ya pili karatasi imeshazunguka, lakini imebakisha kidogo kufika pale ilikuwa. Ya tatu, imebakisha tena. Ukizifuatanisha, jicho linadhani inarudi."

Wahenga walisema macho hayana pazia; hawakuwa na simu. Nasike alirudia kurekodi mara tatu.

"Basi nati ilifunguka vipi?"

"Sijui, mama," Mugo akasema, akitazama sakafu.

Alijua. Hata Nasike alijua. Kweyu hakuruhusu mtu mwingine akaze nati ya jiwe lake. Asubuhi ya ajali Nasike alimpigia simu mara mbili, akimhimiza arudi wampeleke binti yao Vivian kliniki, na mara ya pili Kweyu alimjibu, "Wacha nifunge hili jiwe jipya, nakuja." Alilifunga mbiombio, nati hakuikaza sawasawa.

Mugo akachomoa feni. "Sikuja kumlaumu marehemu. Nimechoka tu kuitwa muuaji."

"Keti," Nasike akasema, akampigia Luseno, kaka mkubwa wa Kweyu. "Shemeji, njooni leo, nyote. Mugo yuko hapa kwangu. Si yeye aliyemuua Kweyu."

Luseno akauliza, "Kama si yeye, ni nani?"

"Njooni," Nasike akasema. "Nitawaambia mimi mwenyewe ni nani aliyemharakisha asubuhi ile."